Belo Moja, Milango Miwili: Jinsi ya Kupanga Nguo za Kuuza Kibandani na kwa Simu

Ukipita soko la Mutindwa jioni, au kando ya barabara kule Kayole, utaona vibanda viwili vimepakana. Vyote vinauza magauni ya mtumba na vyote vimetoa mali Gikomba. Kimoja wateja wamejaa, wanachagua na kulipa. Kwa jirani, mwenye kibanda amekaa kwenye stuli, anaangalia simu. Baada ya miezi mitatu, wa kwanza amerudi Gikomba mara nne kuchukua belo jipya. Wa pili bado ana nguo za lile belo la kwanza. Mtaji wake haujapotea, anauona kila siku umening'inia kwenye hanga, lakini hawezi kuula wala kulipia kodi.

Mtaani tunasema huyu wa kwanza ana mkono mzuri. Pengine anao, lakini ukimkalia siku nzima utagundua kuna mambo anayofanya ambayo mtu yeyote anaweza kujifunza. Anajua nguo ipi itoke leo na ipi isubiri, bei ipi ni ya kwanza na ipi ni ya kuondoa mali, ipi aitundike kibandani na ipi aipige picha aiweke kwenye simu. Maduka makubwa ya nguo huajiri watu wa kufanya kazi hiyo tu, na kazi yenyewe ina jina: machandaizingi. Sisi hapa tutaiita kupanga mali.

Makala hii ni ya wewe unayeuza nguo Umoja, Buruburu, Donholm, Dandora, Huruma au popote Eastlands, uwe na kibanda, uwe unauza kwa simu tu, au uwe unafanya yote mawili. Tutachukua belo moja na kulifuata tangu linapofunguliwa hadi nguo ya mwisho inapotoka.

Maswali matano ya kila siku

Kupanga mali ni kujibu maswali matano: mali gani, kiasi gani, bei gani, iuzwe wapi, na itoke lini. Duka kubwa la mjini lina maswali hayo hayo. Tofauti ni kwamba wao wakikosea wana akiba ya kuwabeba. Wewe ukikosea, belo linalofuata halinunuliki.

Kampuni ya Zara ya Uhispania, iliyofungua duka lake la kwanza mwaka 1975, imejulikana duniani kwa kupeleka mali madukani kidogo kidogo, kwa kawaida mara mbili kwa wiki. Meneja wa duka hutoa ripoti ya kinachoondoka na kinachoulizwa, na mali inayofuata hupangwa kwa kusikiliza ripoti hiyo. Wewe huna kiwanda, lakini sehemu moja ya mbinu hiyo ni bure: kuandika alichouliza mteja akakosa. Wanawake watano wakiulizia gauni refu la mikono mirefu wiki hii, hiyo ndiyo orodha yako ya kwenda nayo sokoni. Wauzaji wengi wanakumbuka walichouza. Wachache wanakumbuka walichokosa kuuza.

Gikomba na Eastleigh: mali mbili, hesabu mbili

Muuzaji wa Eastlands ana bahati ya kuwa karibu na masoko mawili makubwa ya nguo.

La kwanza ni Gikomba, pale karibu na Kamukunji na Pumwani. Mtumba huja kwa mabelo, mengi yakiwa ya kilo 45. Ukinunua belo lililofungwa unanunua usichokiona. Likifunguliwa, mali hugawanyika. Zile bora huitwa kamera. Hii si kamera ya simu, ni lile chaguo la kwanza, nguo safi ambayo haina kasoro na bado ina sura ya mpya. Baada ya hapo kuna daraja la pili, nguo za kawaida zinazovalika vizuri. Mwisho ni fagia, yaani mabaki yanayorundikwa chini na kuuzwa kwa bei ya kufagia. Wengine hawafungui belo kabisa. Wanafika alfajiri, wanasimama pale wenzao wanapofungua, wanachagua kamera moja moja na kulipia bei ya juu. Njia zote mbili zinafanya kazi. Tofauti ni kwamba anayechagua amelipa zaidi kwa kila nguo ila hana fagia ya kumsumbua.

Jambo la kukumbuka kuhusu mtumba ni hili: kila nguo iko moja tu. Ikiuzwa, imekwisha. Tutalirudia baadaye, kwa sababu ndipo wanaouza kwa simu wanapoumia.

Soko la pili ni Eastleigh. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wafanyabiashara Wasomali waliokimbia vita walipanga vyumba kwenye nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge na kuuzia bidhaa humo humo vyumbani. Mali ilikuwa chumba kile kile cha kulala. Jengo hilo likageuka kuwa soko la maduka madogo madogo, na mtaa mzima ukafuata mkondo huo. Leo muuzaji wa Kayole anapanda matatu hadi Eastleigh kuchukua nguo mpya kwa dazani.

Nguo mpya zina hesabu yake. Ukichukua dazani moja ya suruali, una suruali zinazofanana lakini saizi tofauti. Katikati, yaani zile saizi ambazo wateja wengi huvaa, ndizo huisha kwanza. Zikiisha, unabaki na ndogo kabisa na kubwa kabisa, na kila mteja anayekuja anasema, "Hii ni poa, lakini si saizi yangu." Hapo mali imekatika. Kabla ya kununua, angalia daftari lako uone wateja wako walichukua saizi gani mwezi uliopita, kisha ununue kwa uwiano huo. Ukinunua kwa uwiano aliopanga muuzaji wa jumla, unanunua kulingana na mwili wa mteja wake, na huenda wateja wako wana miili mingine.

Hesabu ya belo moja

Tuchukue mfano. Bei zinabadilika kila msimu, kwa hivyo weka zako mahali pa hizi.

Umenunua belo la magauni kwa shilingi 24,000. Mkokoteni na usafiri ni 600. Kufua, kupiga pasi na hanga ni 1,400. Jumla ni 26,000. Umehesabu magauni 130. Ukigawanya, kila gauni limekugharimu 200.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanasema: "Gauni ni 200, nitauza yote 300, napata soo kwa kila moja." Kwenye karatasi hiyo ni faida ya 13,000. Mtaani haiendi hivyo. Wateja wa kwanza wanachukua kamera zote 30 siku mbili za mwanzo, kwa sababu wamepata gauni la 600 kwa 300. Zile 60 za daraja la pili zinaondoka polepole. Fagia 40 hakuna anayezigusa kwa 300. Umeuza magauni 90, umepata 27,000. Faida ni 1,000 baada ya mwezi mzima, na magauni 40 bado yamejaa kwenye gunia.

Sasa panga kwa madaraja. Kamera 30 zianze na 600. Daraja la pili 60 zianze na 300. Fagia 40 ziende kwa 50 bila maneno. Tuwe wakweli pia: si zote zitatoka kwa bei ya kwanza. Tuseme imekuwa hivi:

- Kamera 22 zimetoka kwa 600: shilingi 13,200
- Kamera 8 zimeshushwa hadi 450: shilingi 3,600
- Daraja la pili 45 kwa 300: shilingi 13,500
- Daraja la pili 15 zimeshushwa hadi 200: shilingi 3,000
- Fagia 40 kwa 50: shilingi 2,000

Jumla ni 35,300. Toa 26,000, unabaki na 9,300 kabla ya kodi ya kibanda, bando na chakula cha mchana.

Angalia vizuri hizo namba. Nguo zilizouzwa kwa bei kamili, 22 na 45, zimeleta 26,700. Hizo zimerudisha mtaji na kukuachia 700 tu. Faida nyingine yote, shilingi 8,600, imetoka kwa zile nguo 63 ambazo umeshusha bei au kuzifagia. Yaani nguo ambazo wengi huziita mabaki ndizo zilizobeba faida ya belo. Ukikataa kushusha bei zile 23 kwa kuwa "mali yangu ni safi, mwenye macho ataiona", umejinyima shilingi 6,600 na umebaki na faida ya 2,700 pamoja na nguo zinazopauka kwa jua.

Hii haimaanishi utupe bei siku ya kwanza. Inamaanisha ujue mapema, hata kabla hujafungua belo, siku ambayo bei itashuka.

Kushusha bei bila kujiumiza

Kabla hujaandika "ofa" popote, elewa hesabu hii. Nguo iliyokugharimu 200 ukiiuza 300 ina faida ya 100. Ukitangaza punguzo la asilimia 30, umetoa asilimia 30 ya 300, ambayo ni shilingi 90. Umebaki na faida ya shilingi 10. Mteja ameona punguzo dogo tu, wewe karibu umefanya kazi ya bure. Punguzo linakatwa kwenye bei ya kuuza, lakini linaumia kwenye faida.

Kwa hivyo, badala ya kushusha nguo zote pamoja, shusha zile ambazo zimekaa. Kila jioni ya Jumapili, hesabu zilizotoka na uzigawe kwa zile ulizoanza nazo. Ukianza na 130 na 52 zimetoka wiki ya kwanza, umeuza asilimia 40. Hiyo ni nzuri. Wiki ya pili nguo zinazotoka zikipungua sana, usingoje mwezi uishe. Zile ambazo hazijaguswa kabisa ndizo za kushushwa kwanza.

Kuna hatua moja ya kujaribu kabla ya kushusha bei: zihamishe. Gauni lililofichwa nyuma ya kibanda lilete mbele, kwenye usawa wa macho. Lililo kibandani lipige picha liende kwenye simu. Mara nyingi nguo haijakataliwa kwa bei, haijaonekana tu.

Kibanda na simu: kila nguo na mlango wake

Kibanda na simu ni milango miwili ya stoki moja, na wateja wanaoingia kila mlango hawafanani.

Mteja wa kibandani anapita akitoka kazini au stage. Anashika kitambaa, anajipimia kifuani, anapatana bei. Huyu anapenda wingi na nguo za kila siku. Daraja la pili na fagia ni zake. Fagia hata hazihitaji hanga. Rundo safi juu ya turubai, bei moja, sauti ya kuita, basi.

Mteja wa simu yuko kwenye matatu Jogoo Road, foleni haisogei, anaangalia status za watu. Hawezi kushika nguo. Anachotaka ni kitu ambacho hakuna mwenzake atakuwa nacho, na yuko tayari kulipa zaidi akikuamini. Kamera ni zake. Lakini kumuuzia huyu kuna gharama ambazo hazionekani: muda wa kupiga picha, bando, kujibu "bei gani?" mara ishirini, mfuko wa kufungia, na boda. Ndiyo maana gauni la 100 halifai kupigwa picha moja moja. Usafiri unaweza kuwa ghali kuliko nguo yenyewe.

Kwa nguo ya simu, weka mambo haya kila mara:

Picha mbili au tatu kwa mwanga wa mchana, mbele na nyuma. Balbu ya kibandani hubadilisha rangi, na mteja akipokea bluu iliyoonekana nyeusi, amekuwa mteja wa mwisho.

Vipimo kwa futi ya fundi: kifua, kiuno, nyonga na urefu. Lebo ya mtumba inaweza kuwa ya Marekani, Uingereza au Uchina, na saizi za huko hazilingani.

Kasoro, kama ipo. "Kidoa kidogo upande wa ndani, hakionekani ukivaa." Ukiisema mwenyewe, bei inapungua kidogo. Akiigundua mwenyewe, nguo inarudi na boda unalipa wewe.

Bei. Kuandika "njoo inbox" kunakupa maswali mengi na wateja wachache. Andika bei ya nguo, kisha useme nani analipa boda.

Kumbuka pia status ya WhatsApp inafutika baada ya saa 24. Nguo ambayo haijatoka leo ni lazima uamue kama inarudi kesho au inakwenda kibandani. Ukirudisha picha zile zile siku tano mfululizo, watu wanaacha kufungua.

Nguo moja, wateja wawili

Sasa turudi kwa lile tuliloacha: mtumba uko mmoja mmoja. Umeweka gauni la kijani kwenye status asubuhi. Saa nne mteja wa Donholm anaandika, "Niwekee hiyo." Saa tano mama mmoja anaingia kibandani, analiona limening'inia, anatoa pesa. Msaidizi wako hajui habari za Donholm, anauza. Saa sita wa Donholm anatuma pesa. Sasa una pesa za watu wawili na gauni limekwenda na mmoja.

Unaweza kurudisha pesa, ndiyo. Lakini yule wa Donholm hatakumbuka kwamba ulirudisha. Atakumbuka alilipa na hakupata, na atawaambia wenzake wa chama. Kwa biashara inayotegemea kuaminiwa na watu wasiokuona, hilo ni pigo.

Dawa yake ni sheria tatu, na ziwe wazi kwa kila mtu, msaidizi akiwemo.

Ya kwanza, kila nguo ya simu ina namba. Bandika kikaratasi, G1, G2, G3, na namba hiyo ionekane kwenye picha. Kwenye daftari au simu, andika namba, gharama, bei, na siku uliyoitoa.

Ya pili, nguo iliyoko kwenye status haining'inii kibandani. Itoe kwenye hanga, iweke kwenye mfuko wake. Ukitaka ionekane kote kuwili, basi msaidizi akupigie kabla ya kuiuza.

Ya tatu, anayelipa kwanza ndiye mwenye nguo. "Niwekee" sio malipo. Unaweza kumjibu hivi bila kumkosea heshima:

"Sasa mrembo, hiyo G14 bado iko. Ni 600, boda hadi Donholm unalipa wewe. Nakuwekea hadi saa nane. Ikipita hapo bila malipo inarudi kwa hanga, sawa?"

Hapo malipo ya simu yanafanya kazi kubwa kuliko kupokea pesa tu. Ujumbe wa malipo una saa na dakika. Wakilipa wawili, saa ndiyo inayoamua, na hakuna wa kubishana. Ukitumia njia ya Lipa Bili, mteja anaweza kuandika namba ya nguo pale panapoulizwa namba ya akaunti, na jioni taarifa yako inakuonyesha kabisa G14 imelipwa saa ngapi. Njia ya Nunua Bidhaa, ile ya namba ya till, haina nafasi hiyo, kwa hivyo mwambie mteja akutumie namba ya nguo kwa WhatsApp akishalipa, nawe uiandike papo hapo.

Kalenda ya mtaa

Swali la tano lilikuwa lini. Eastlands ina misimu yake, na haifuati majarida ya mitindo.

Januari wazazi wana karo, sare na viatu vya shule. Gauni la sherehe litakaa. Shule zinapofunguliwa kwa muhula wa pili na tena kuelekea mwisho wa Agosti, mfuko wa mzazi unabanwa vilevile. Machi hadi Mei ni mvua ndefu: jaketi, buti, na chochote kinachokauka haraka. Juni hadi Agosti ni baridi ya Nairobi, hudi na sweta zinaondoka zenyewe. Agosti na Desemba kuna harusi nyingi. Desemba nguo za watoto haziulizwi bei mara mbili. Idd huleta wateja Eastleigh na Pumwani, lakini kumbuka tarehe yake hurudi nyuma karibu siku 11 kila mwaka, kwa hivyo usitegemee mwezi wa mwaka jana.

Ndani ya mwezi pia kuna msimu. Siku za mwisho wa mwezi hadi tano tarehe, toa kamera. Katikati ya mwezi mifuko imekauka, toa fagia na daraja la pili. Ukitoa mali yako nzuri tarehe 18, wateja watakuambia "niwekee hadi end month", na utarudi kwenye ugomvi wa gauni la kijani.

Sweta zikibaki Septemba, usiziweke kwenye gunia hadi mwaka ujao kwa kuwa "baridi itarudi". Itarudi kweli, lakini pesa yako itakuwa imelala miezi tisa. Shusha bei mwisho wa Julai, watu wakiwa bado wanatetemeka.

Na kuna mambo ambayo hayana kalenda. Machi 2020 serikali ilisimamisha uingizaji wa mitumba kwa sababu ya korona, na marufuku ikaondolewa Agosti mwaka huo. Kwa miezi hiyo, kilichokuwa ndani ndicho kilichokuwepo. Alfajiri ya tarehe 28 Juni 2018 moto ulizuka Gikomba na watu 15 wakafariki. Soko hilo limeungua mara nyingi, na kila mara kuna walioamka asubuhi wakakuta kazi ya miaka imekuwa majivu. Hakuna hesabu inayozuia moto. Lakini daftari la karatasi likiwa kibandani linaungua pamoja na mali, ilhali taarifa ya malipo yako inabaki. Ukihitaji kumwonyesha mtu kuwa ulikuwa na biashara ya kiasi fulani, iwe ni chama, sacco au mkopeshaji, hiyo taarifa ndiyo shahidi wako.

Soma taarifa yako kama mwenye duka

Ili ikusaidie, taarifa lazima iwe ya biashara peke yake. Pesa ya magauni, ya gesi, ya karo na ya harambee zikiingia laini moja, mwisho wa mwezi huwezi kujua belo lilileta nini. Pokea mauzo kwenye till au akaunti ya biashara. Jilipe kiasi ulichopanga, siku uliyopanga. Pesa za belo linalofuata zitenge kabla hujagusa faida. Katika mfano wetu, shilingi 26,000 za kwanza hazikuwa zako, zilikuwa za belo la pili. Mali ya pesa taslimu nayo iandike, la sivyo taarifa itakuonyesha nusu ya picha.

Mara moja kwa mwezi, fungua taarifa na ujiulize: pesa nyingi zinaingia siku gani? Saa ngapi? Ukikuta malipo mengi ni saa moja hadi saa tatu usiku, basi huo ndio muda wa kuweka picha. Ukikuta mteja mmoja amelipa mara nne, huyo ni wa kuonyeshwa kamera kabla ya wengine.

Lakini muulize kwanza. Mtu kukulipa hakukupi ruhusa ya kumjaza matangazo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka uwe na idhini ya mtu kabla ya kutumia habari zake kwa biashara. Sentensi moja inatosha: "Nikipata saizi yako nikutumie picha?" Akisema hapana, ni hapana.

Tahadhari kabla ya kutoa nguo

Usikubali ujumbe ulioko kwenye simu ya mteja wala picha ya skrini. Ujumbe wa kughushi ni rahisi kutengeneza. Malipo ni yale yaliyofika kwenye simu yako au yanayoonekana kwenye salio la till yako.

Mtu akipiga simu akisema ametuma pesa kimakosa, angalia salio kwanza. Kama pesa kweli imeingia, usimtumie nyingine kutoka mfukoni. Mwambie aanzishe marejesho kupitia kampuni ya malipo.

PIN yako haimhusu msaidizi, boda wala mtu yeyote anayesema anapiga kutoka huduma kwa wateja.

Anza na wiki hii

Huhitaji kubadilisha kila kitu kesho. Fanya haya matano:

1. Hesabu nguo zote ulizonazo leo na uziweke kwenye mafungu matatu: kamera, daraja la pili, fagia.
2. Andika gharama kamili ya mali hiyo, usafiri na kufua ikiwemo.
3. Chagua kamera kumi, zipe namba, zipime, zipige picha mchana.
4. Amua leo siku ambayo bei itashuka, na uiandike ukutani.
5. Jumapili jioni, hesabu zilizotoka, linganisha na malipo yaliyoingia, na uandike mambo matatu ambayo wateja waliuliza wakakosa.

Ukirudia hivyo kwa mabelo mawili, utajua kitu ambacho hakuna mtu wa Gikomba anaweza kukuuzia: mtaa wako unavaa nini, unalipa lini, na unalipa kiasi gani. Safari nyingine ya alfajiri hutanunua kwa kubahatisha.